Parachuti ya gari la dragi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuifunga, kuirekebisha na kuipima

Majibu haya ni ya fundi au dereva anayefunga parachuti nyuma ya gari la mbio za dragi, yaani mbio fupi za kasi kwenye njia iliyonyooka, kwa mara ya kwanza, au aliyenunua gari likiwa na parachuti iliyofungwa na mtu mwingine. Nimeyaandika kwa sababu watu huchagua mwavuli, yaani kitambaa chenyewe cha parachuti, kwa makini sana, kisha kebo, pini na breketi wakazimalizia usiku wa kuamkia mbio. Mwavuli mzuri hauna kazi kama mkono wa dereva hauwezi kuufikia. Pale ambapo karatasi ya mtengenezaji wa parachuti yako inatofautiana nami, fuata karatasi.

Gari langu linahitaji parachuti kuanzia kasi gani?

Kanuni za NHRA, chama kikubwa cha mbio hizi nchini Marekani, zinadai parachuti kwa gari lolote linalozidi maili 150 kwa saa, yaani kama kilomita 241. Waandaaji wengine wana viwango vyao, kwa hiyo soma kitabu cha kanuni za mbio unazokwenda kabla hujanunua chochote.

Lakini usisubiri kanuni ikulazimishe. Gari zito lenye breki ndogo, linalokimbia kwenye njia yenye eneo fupi la kusimamia, linaweza kuhitaji parachuti kabla halijafika kasi hiyo. Jiulize swali moja: breki zikikataa kabisa baada ya mstari wa kumalizia, gari litasimamia wapi? Kama jibu ni ukutani au kwenye mchanga, funga parachuti.

Inavuta kwa nguvu kiasi gani?

Nguvu ya mvuto hupanda kwa mraba wa kasi. Ukizidisha kasi mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Chukua mfano wa mwavuli ambao eneo lake, likizidishwa na kizigeu cha ukinzani wa hewa (namba inayoonyesha jinsi umbo linavyoipinga hewa), linatoa mita mbili za mraba. Kwa kilomita 240 kwa saa unavuta takriban nyutoni 5,400, sawa na uzito wa kilo 550. Kwa kilomita 320 unavuta karibu nyutoni 9,700, uzito wa takriban tani moja. Kwa kilomita 100 umebaki na nyutoni 950 tu, chini ya uzito wa kilo 100.

Tarakimu hizo zinafundisha mambo mawili. Kwanza, parachuti hufanya kazi yake kubwa katika sekunde chache za mwanzo, na kazi ya kulisimamisha gari kabisa hubaki kwa breki. Usipunguze breki kwa sababu umefunga parachuti. Pili, hizo ni nguvu za mwavuli uliokwisha kutulia. Wakati wa kufunguka kuna mshtuko unaozizidi, na mshtuko huo ndio unaokata bolti na kuchana mikanda. Kila kitu unachochomelea nyuma ya gari kipimwe kwa mshtuko huo.

Mfumo una sehemu gani?

Tukianzia mkononi mwa dereva: leva, kebo ndani ya ala yake, pini, mfuko wenye vifuniko, kiparachuti chenye springi, kamba inayokiunganisha na mwavuli mkubwa, mwavuli wenyewe, kamba za mwavuli, mkanda mkuu, na breketi iliyoshikwa kwenye chesisi. Leva inavuta pini, vifuniko vinaachia, springi inakirusha kiparachuti kwenye upepo, kiparachuti kinautoa mwavuli mfukoni, na mwavuli ukijaa hewa mkanda mkuu unalivuta gari. Sehemu moja ikikwama, zote zinazofuata hazipati zamu.

Mkanda mkuu niufunge wapi?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu alipatie nusu ya muda wake. Mkanda mkuu ufungwe kwenye chesisi, katikati ya gari ukitazama kutoka nyuma, na kwa kimo ambacho mstari wa mvuto unapita kwenye kitovu cha uzito wa gari au karibu nacho.

Sababu ni hii. Mvuto wa parachuti unaelekea nyuma. Ukiwa juu ya kitovu cha uzito, unalisukuma gari lizunguke kwa kuinua pua: matairi ya mbele yanapoteza uzito na usukani unakuwa mwepesi wakati unapouhitaji zaidi. Ukiwa chini ya kitovu, pua inazama na matairi ya nyuma yanapunguza mshiko, sehemu ya nyuma ikaanza kutangatanga. Ukiwa kulia au kushoto, gari linavutwa upande. Madereva wengi huilaumu parachuti kwa tabia ambayo kwa kweli ni ya breketi.

Kwenye magari mengi yenye injini ya V8 mbele, mafundi huanza na kimo cha kamshafti, mhimili wa ndani ya injini unaofungua vali, kama makadirio ya kitovu cha uzito. Ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini gari lililoshushwa sana, lenye injini iliyorudishwa nyuma au vyuma vya kuongezea uzito, halifuati makadirio hayo. Pima.

Ninapimaje kimo cha kitovu cha uzito?

Unahitaji mizani za magurudumu, jeki na futi ya kupimia. Funga suspenshoni isicheze kwa kuweka vipande vya chuma mahali pa shokabsoba, jaza mafuta kama siku ya mbio, na mweke dereva au mzigo wa uzito wake kwenye kiti. Pima uzito wa ekseli ya mbele gari likiwa limelala sawa. Kisha inua ekseli ya nyuma kwa kimo unachokijua na upime tena mbele. Uzito utakuwa umeongezeka kidogo.

Zidisha ongezeko hilo kwa umbali kati ya ekseli mbili, kisha gawanya kwa uzito wote wa gari uliozidishwa na tanjenti ya pembe ya mwinamo. Jibu ni kimo cha kitovu juu ya mstari unaounganisha ekseli. Mfano: gari la kilo 1,100, umbali wa ekseli mita 2.7, nyuma imeinuliwa mita 0.5, mbele imeongezeka kilo 15. Tanjenti ni takriban 0.188. Jibu ni kama mita 0.20 juu ya mstari wa ekseli. Magari haya huwa na matairi makubwa nyuma na madogo mbele, kwa hiyo mstari wa ekseli umeinama. Chukua kimo chake pale kitovu kilipo kati ya ekseli mbili, si kwenye tairi la nyuma.

Inua zaidi ya sentimita 40 ukiweza kufanya hivyo kwa usalama, kwa sababu ongezeko dogo la uzito linapotea ndani ya kosa la mizani. Na rudia kipimo. Majibu mawili yakitofautiana sana, suspenshoni yako inacheza.

Je, naweza kuufunga mkanda kwenye bampa, au kwenye sahani inayoshika mfuko?

Hapana. Sahani ya mfuko inabeba kilo chache za kitambaa na springi. Bampa limetengenezwa kusukumwa, na hapa linavutwa. Breketi ya mkanda ishikwe kwenye mabomba ya chesisi, iungwe kwa pembe tatu ili nguvu isambae kwenye zaidi ya bomba moja, na bolti yake ishikwe pande zote mbili. Bolti iliyoshikwa upande mmoja tu inapinda. Tumia bolti ya daraja la juu, ndefu kiasi kwamba sehemu yake isiyo na uzi ndiyo inayobeba mkanda, na nati isiyoweza kujifungua. Kingo za breketi zisagwe mpaka ziwe laini, maana kingo kali hukata mkanda taratibu bila mtu kuona.

Mkanda uwe na urefu gani?

Uwe mrefu kiasi cha kuutoa mwavuli kwenye hewa iliyovurugwa na gari. Nyuma ya gari kuna mkia wa hewa inayozunguka ovyo, na mwavuli ulio ndani yake hupapatika, hujaa nusu, au huanguka chini na kuburuzika. Gari lenye umbo la saluni huacha mkia mkubwa kuliko dragsta, gari refu na jembamba la mbio hizi, hivyo linahitaji mkanda mrefu zaidi. Watengenezaji huuza mikanda kwa urefu kulingana na aina ya gari; waambie umbo la gari na bawa la nyuma ulilonalo, si uzito na kasi tu.

Ukiona kwenye video kwamba mwavuli unazunguka au unapumua, yaani unajaa na kusinyaa mara kwa mara, jambo la kwanza la kushuku ni urefu wa mkanda. Mkanda mrefu mno nao una gharama yake: mwavuli unachelewa kuanza kuvuta, na kamba zaidi zinapata nafasi ya kujisokota.

Mfuko ukae vipi?

Mdomo wake utazame nyuma, umeinuka kidogo juu, ili kiparachuti kirukie kwenye hewa inayotembea. Ukiufunga moja kwa moja nyuma ya kioo kilichosimama au chini ya bawa pana, kiparachuti kinaweza kurukia kwenye hewa iliyokufa na kuanguka juu ya buti. Angalia pia vyuma vya nyuma vinavyozuia gari lisisimame kwa matairi ya nyuma. Mkanda upite juu yake na kwa njia ambayo hauwezi kunasa kwenye vigurudumu vyake hata gari likiwa limeinama.

Ukinge mfuko na maji na vipande vya mpira vinavyoruka wakati wa kuchoma matairi, yaani kuyazungusha kabla ya mbio ili yapate joto. Ngao ndogo ya alumini mbele ya mfuko inatosha.

Kebo yangu ni mpya lakini leva ni ngumu. Kwa nini?

Karibu kila mara ni njia iliyopitishwa kebo, au ala haijashikwa. Kebo inafanya kazi kwa sababu waya wa ndani unasogea na ala ya nje imetulia. Ala ikiwa huru, unapovuta leva ala yenyewe inajikunja na kujisogeza, na pini haisogei hata milimita. Ndiyo maana kanuni za NHRA zinataka ala ishikwe imara kwenye bomba la chesisi si zaidi ya inchi 1, yaani sentimita 2.5, kutoka mwisho wake upande wa leva, na ishikwe tena ndani ya inchi 12, yaani sentimita 30, kutoka kwenye mfuko. Hata kama unakimbia chini ya kanuni nyingine, fuata vipimo hivyo. Vina mantiki ya kifundi.

Pitisha kebo kwa mikunjo mipana. Kila kona kali inaongeza msuguano, na kona mbili kali zinaweza kumshinda dereva aliyevaa glavu nene. Iweke mbali na mabomba ya ekzosi. Ala iliyolainishwa na joto inaubana waya ndani, na nje huoni kitu. Ikipita kwenye ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na dereva, tundu liwe na kizibo chenye kingo laini.

Kisha kuna ulegevu. Acha kidogo, ili chesisi ikijipinda wakati wa kuondoka pini isivutwe. Ukiacha mwingi, leva itafika mwisho wake kabla pini haijatoka. Hesabu ni nyepesi: kama pini imeingia milimita 40 na kebo ina ulegevu wa milimita 10, leva lazima ivute zaidi ya milimita 50 kabla haijagonga mwisho. Mimi nisingeridhika na chini ya 65.

Leva niiweke wapi?

Mahali ambapo dereva anaifikia akiwa amefungwa mikanda yote mpaka mwisho, amevaa glavu, kofia, kinga ya shingo, na kamba za kuzuia mikono isirushwe nje ya gari zikiwa zimeunganishwa. Hizo kamba za mikono ndizo zinazowashangaza wengi. Leva iliyofikika vizuri gereji inaweza kuwa sentimita tatu nje ya uwezo wa mkono siku ya mbio.

Kipini chake kiwe na umbo ambalo mkono unalitambua bila macho, tofauti na kile cha kufunga mafuta na kile cha kizima moto. Mwendo wa leva uwe mmoja, mnyoofu. Sipendi leva zinazohitaji kubonyezwa kitufe kwanza kisha kuvutwa. Dereva aliyeshtuka hufanya jambo moja tu.

Springi, gesi au umeme: kipi bora?

Kebo na springi ni mfumo mwepesi kuelewa, na kila hitilafu yake inaonekana kwa macho. Kwa gari la kwanza ningechagua huo.

Mfumo wa gesi hutumia chupa ya kabonidayoksaidi au hewa iliyobanwa. Dereva anabonyeza kitufe, mara nyingi kwenye usukani, na gesi inavuta pini au kukisukuma nje kiparachuti. Faida yake kubwa ni kwamba mikono haiondoki kwenye usukani. Lakini sasa una chupa ya kupima kila mara, vali, mipira, solenoidi (kifaa cha umeme kinachofungua vali), nyaya na betri. Shinikizo la kabonidayoksaidi hushuka kukiwa na baridi, kwa hiyo chupa iliyosomeka vizuri jana mchana huenda isisomeke hivyo alfajiri. Ukichagua gesi au umeme, wape saketi yao na fyuzi yao, kitufe kiwe na kifuniko, na ubakize leva ya kebo inayofanya kazi bila umeme. Gari lililopata ajali mara nyingi limekwishapoteza umeme.

Mwavuli unakunjwaje?

Kuna njia mbili kuu na hazichanganywi. Katika ya kwanza, kamba zinapangwa chini ya mfuko kwa kwenda na kurudi, mwavuli unakunjwa juu yake, na kiparachuti kinakaa juu kabisa. Katika ya pili, mwavuli unaingia kwanza kwenye mfuko wa ndani, kamba zinafuata, na mfuko huo wote unatolewa na kiparachuti, hivyo kamba zinanyooka kabla mwavuli haujaachiwa. Mtengenezaji ameshaamua njia ipi, na mfuko umeshonwa kwa ajili hiyo.

Kwa vyovyote vile, tandika kila kitu chini mahali safi, mtu mmoja ashike mkanda mkuu na mwingine ncha ya mwavuli, mvute kamba zinyooke. Tenganisha kulia na kushoto. Msokoto mmoja utauona; usiuache kwa kudhani utajifungua wenyewe. Kagua kila kamba kwa vidole mpaka mwisho, hasa pale inaposhonwa kwenye mwavuli. Kunja kwa mikunjo inayolingana, bila kuvingirisha. Kamba inayounganisha kiparachuti na mwavuli iwe juu na huru, isizunguke chochote. Mkanda mkuu utoke mfukoni kwa njia yake bila kupita juu ya kifuniko, kwa sababu kifuniko kilichobanwa na mkanda hakifunguki.

Wakati wa kubana springi ya kiparachuti na kupitisha pini, uso wako uwe pembeni. Springi hiyo ina nguvu ya kuvunja meno.

Usitumie utepe wa gundi, waya au kamba za plastiki kusaidia vifuniko vikae. Vikikataa kukaa, umekunja vibaya.

Nitajuaje kwamba itafunguka kweli?

Kwa kuifungua. Gari likiwa limesimama, dereva akae kwenye kiti na vazi lake lote, afungwe, na avute leva mara moja kwa mwendo wa kawaida. Watu wote wawe pembeni ya gari. Kiparachuti kiruke wazi kutoka mfukoni. Kikidondoka chini taratibu, springi imechoka au vifuniko vinakibana.

Kisha mtu mmoja akishike kiparachuti na kurudi nacho nyuma kwa mwendo wa kutembea, akivuta kama upepo ungevuta. Mwavuli utoke wote, kamba zinyooke, mkanda ufike kwenye breketi bila kugusa bawa, vyuma vya nyuma wala kingo za bodi. Kipimo hiki kinagundua mambo mengi kuliko ukaguzi wowote wa macho.

Pima pia nguvu ya kuvuta leva kwa mizani ya springi ya kuning'iniza, na uandike tarehe na jibu. Tarakimu yenyewe si muhimu kama mabadiliko yake. Jibu likipanda kutoka mbio hadi mbio, kuna kutu, uchafu, joto au pini iliyopinda, na umepata onyo ukiwa bado gereji.

Kipimo cha mwisho ni cha kasi ya wastani. Fungua parachuti kwenye mbio ambazo hukuihitaji, ukiwa na njia ndefu mbele yako na rafiki anayepiga video kutoka pembeni, nyuma ya kizuizi. Dereva asikutane na mvuto ule kwa mara ya kwanza siku breki zimekufa.

Niifungue wakati gani?

Kwa kilomita 240 kwa saa gari linakula karibu mita 67 kila sekunde. Ukisita sekunde moja, na mwavuli ukachukua karibu sekunde nyingine kujaa, umetumia zaidi ya mita 130 bila kupungua mwendo kwa parachuti. Kwa hiyo vuta kwenye mstari wa kumalizia, gari likiwa limenyooka, kama sehemu ya mwendo uleule wa kuachia mafuta. Usiingoje breki ikuonyeshe kwamba haitoshi. Na ukivuta ukaona hakuna kilichotokea, vuta tena kwa nguvu, kisha rudi kwenye breki mara moja, ukikandamiza kwa kipimo ili matairi yasifunge.

Gari linayumba parachuti inapofunguka. Nifanye nini?

Tazama linayumba namna gani. Kama linavutwa upande uleule kila mara, breketi haiko katikati au chesisi imepinda. Kama pua inainuka, mkanda uko juu mno. Kama nyuma inakuwa nyepesi, uko chini mno. Kama upande unabadilika, angalia bendera za njia: upepo wa ubavuni unaupeleka mwavuli pembeni, na mwavuli unavuta sehemu ya nyuma kuufuata. Hilo halirekebishwi kwa spana. Dereva ashike usukani kwa mikono miwili na asahihishe kidogokidogo.

Mshtuko mkali ulionyooka ni jambo jingine. Mwavuli ni mkubwa mno kwa kasi hiyo, au mkanda haunyumbuki. Usiupuuze kwa kuwa dereva ni kijana na halalamiki. Don Garlits, mmoja wa madereva wakubwa kabisa wa mbio hizi, alibanduka retina, utando wa nyuma ya jicho, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na nguvu za kupunguza mwendo ghafla.

Ninahitaji parachuti mbili?

Magari ya kasi ya juu, kama yale ya daraja la Top Fuel ambayo hupita kilomita 530 kwa saa, hubeba mbili. Ukifunga mbili, kila moja iwe na breketi yake, mkanda wake na pini yake, ziwe karibu na mstari wa katikati kadiri inavyowezekana. Fikiria moja ikifunguka na nyingine ikagoma: kadiri breketi zilivyo mbali na katikati, ndivyo gari litakavyovutwa upande. Leva moja inaweza kuvuta pini zote mbili, ila hakikisha pini moja ikikwama haizuii ya pili. Mafundi wengi hutofautisha urefu wa mikanda ili miavuli isigongane.

Nailoni au Kevlar?

Nailoni inanyumbuka, na mnyumbuko huo unalainisha mshtuko wa kufunguka. Udhaifu wake ni moto, kwa kuwa huyeyuka kati ya takriban nyuzi 220 na 260 za selsiasi, kutegemea aina. Kevlar, nyuzi za viwandani zenye nguvu sana, haiyeyuki na hustahimili joto zaidi, lakini hainyumbuki sana, na mwanga wa jua na msuguano huidhoofisha. Kwa gari la petroli lenye ekzosi iliyo mbali, nailoni inafaa. Kwa gari la nitromethani (mafuta makali ya mbio, kwa kifupi nitro), au lolote ambalo injini yake inaweza kulipuka na kutapika moto kuelekea nyuma, mkanda na sehemu za karibu zinahitaji kinga ya moto.

Si hofu ya kubuni. Tarehe 21 Juni 2008, huko Englishtown, New Jersey, injini ya gari la dereva Scott Kalitta ililipuka karibu na mwisho wa njia kwa kasi inayokaribia kilomita 480 kwa saa. Parachuti hazikuweza kulipunguza mwendo, na Kalitta alifariki. Baadaye mwaka huohuo NHRA ilifupisha mbio za magari ya nitro kutoka robo maili, yaani mita 402, hadi futi 1,000, yaani mita 305, na miaka iliyofuata ikaleta vifaa vinavyozima mafuta na kufungua parachuti bila kumngoja dereva. Ukifunga mfumo wako, jiulize kila sehemu itafanya nini ikiwa injini imewaka moto na dereva haoni.

Pini ya usalama, ile inayozuia parachuti isifunguke kabla ya mbio, aitoe nani, na lini?

Mtu mmoja anayejulikana kwa jina kabla ya mbio, baada ya kuchoma matairi na kabla ya gari kujipanga. Pini iwe na utepe mrefu mwekundu, na mtu huyo amwonyeshe dereva utepe mkononi mwake. Dereva asipouona, asijipange.

Parachuti ilijifungua yenyewe wakati wa kuondoka. Shida ni nini?

Kebo haina ulegevu wa kutosha, pini imeingia kidogo mno, au ala imeshikwa kwenye bodi na si kwenye chesisi. Bodi na chesisi hazitikisiki pamoja wakati wa kuondoka, na tofauti hiyo inatosha kuvuta pini.

Naitunzaje baada ya mbio?

Dereva akisimama, asigeuze gari mpaka mwavuli uinuliwe. Tairi la nyuma likipita juu ya kamba, kamba hiyo ni ya kubadilisha. Ubebwe, usiburuzwe. Mchanga uliojipenyeza kwenye nyuzi unazikata kila zinapokazwa. Ukichafuka, osha kwa mkono kwa maji baridi na sabuni laini, usitumie jiki, na uanike kivulini mpaka ukauke kabisa pamoja na mishono. Mwavuli uliokunjwa ukiwa na unyevu ni mzito, unachelewa kujaa, na huota ukungu.

Usiuache umekunjwa msimu mzima gari likiwa limefunikwa. Springi inachoka, na mikunjo inashikamana. Ufungue, uuning'inize, ukunje upya kabla ya mbio zinazofuata.

Naweza kununua iliyotumika?

Breketi, leva na mfuko, ndiyo, baada ya kuvikagua. Mwavuli na mkanda, hapana, isipokuwa mtengenezaji mwenyewe akubali kuvipokea, kuvikagua na kuvithibitisha tena. Jua huidhoofisha nailoni bila kuitoboa, na rangi iliyopauka ndiyo ishara pekee utakayoipata. Mkanda uliopauka, wenye manyoya kwenye kingo au doa gumu lililoyeyuka, ukate vipande viwili kabla ya kuutupa, ili asije mtu akauokota na kuufunga kwenye gari lake.